Buruma ndani ya bomba: kisa cha hita ya gesi iliyogoma kila baridi ilipokaza

Simu ilinikuta jikoni Jumamosi moja ya Januari, saa moja kasoro robo asubuhi, kungali giza. Mpigaji alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Tanga, anayeishi na familia yake katika kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota. "Kaka, samahani kwa kukusumbua mapema. Maji ya moto yamekatika tena. Hii ni mara ya nne tangu Krismasi. Nimeshabadilishiwa vifaa viwili, na jana nimeambiwa ninunue hita mpya."

Nje kulikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Nyumba hiyo inalaza watu saba, mmoja wao mtoto wa miezi mitano, na mwingine mama mkwe wa yule dada, aliyekuja kutoka Tanga kumlea mjukuu. Msimu huo maji ya bomba huingia nyumbani yakiwa nyuzi nne au tano tu, yanauma vidole. Walikuwa wanamwogesha mtoto kwa kuchemsha sufuria moja moja jikoni, na watu wazima wanakwenda kazini bila kuoga. Nikamwambia nakuja, ila kabla sijafika asiibonyeze tena ile hita kuiwasha, aiache ilivyo.

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa lililofanyika pale nimelikuta katika nyumba nyingine nyingi: kifaa kinacholalamika kinahukumiwa, kinang'olewa, kinawekwa kipya, na kumbe kilichong'olewa kilikuwa kizima.

Kwanza hita yenyewe. Msomaji aliyezoea hita ya umeme ya bafuni, ile inayochemsha maji yakipita, asiifikirie hiyo. Hii ni tangi la galoni 50, karibu lita 190, limesimama katika chumba cha kufulia. Chini yake kuna jiko la gesi asilia lenye nguvu ya BTU 40,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Katika hita za aina ya kale moshi wa jiko hupanda wenyewe kwenye dohani hadi juu ya paa, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi. Nyumba hii haina dohani. Badala yake, juu ya tangi kumefungwa feni. Feni inauvuta moshi kutoka katikati ya tangi, inauchanganya na hewa ya chumbani ili upoe, kisha inausukuma kwenye bomba la plastiki la inchi 2 hadi nje ya ukuta. Kwa sababu moshi umepozwa, plastiki inauhimili. Na kwa sababu unasukumwa, bomba linaweza kulala ubavu, lipite chumba hiki na kile, litokee mbali.

Urahisi huo una gharama yake. Hita ya dohani huwaka hata umeme ukikatika. Hii ikikosa umeme wa volti 120 haiwaki kabisa. Tena ina mlolongo wa hatua ambao lazima utimie kwa mpangilio, na hatua moja ikikwama zote zinasimama. Maji yanapopoa, kidhibiti kinaangalia kwanza kama swichi ya presha iko wazi, yaani haipitishi umeme, maana feni bado haijazunguka na swichi iliyokwisha kujifunga kabla ya wakati ni swichi mbovu. Kisha kinawasha feni. Feni ikipata kasi, mvuto wake unafika kwenye swichi kupitia kijibomba chembamba cha mpira, swichi inajifunga, na hapo kidhibiti kinapata hakika kwamba moshi utakuwa na njia. Feni inaendelea kidogo kusafisha hewa iliyobaki ndani. Kiwashio kinapashwa hadi kinang'aa rangi ya chungwa. Vali ya gesi inafunguka. Moto ukishika, sensa iliyo ndani ya moto inapitisha mkondo mdogo mno wa umeme, wa kupimwa kwa mikroampea, na mkondo huo ndio unaokiambia kidhibiti kwamba gesi inaungua, haimwagiki tu. Moto usipoonekana ndani ya sekunde chache, gesi inafungwa na jaribio linarudiwa. Majaribio yakishindikana mara kadhaa, kidhibiti kinajifunga na taa ndogo inaanza kupepesa kwa hesabu maalumu. Hesabu hizo hazifanani kwa kila mtengenezaji. Maana yake husomwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa hita hiyohiyo, si kwenye hita ya jirani.

Sasa historia ya ugonjwa. Mara ya kwanza hita iligoma tarehe 26 Desemba, siku waliyokuwa na wageni. Fundi aliyeitwa alikuja kesho yake adhuhuri, akakuta taa inapepesa hesabu ya kushindwa kuwaka. Akabadilisha kiwashio. Hita ikawaka, akaondoka. Siku sita baadaye ikagoma tena. Fundi akaja, akasafisha sensa ya moto kwa sufi ya chuma, ikawaka. Mara ya tatu akabadilisha kidhibiti chote pamoja na vali ya gesi, kifaa cha bei kubwa. Ikawaka siku nne. Ilipogoma mara ya nne akasema tangi lina miaka tisa, halina maana kuendelea kulitia fedha.

Sitaki kumtia ubaya mtu huyo. Kila alilofanya lina mantiki ukilitazama peke yake. Kiwashio kweli hupasuka, sensa kweli hushika masizi. Lakini zile siku tatu zikiwekwa pamoja kuna jambo linajitokeza: kila alipogusa kitu hita iliwaka, na kila ilipowaka alidhani ni kwa sababu ya alichokigusa. Hakuna aliyeuliza kama ingewaka hata asingegusa chochote.

Nilipofika sikufungua mkoba wa zana. Nilimwomba dada anikumbushe kila siku ya ugomaji: saa ngapi, watu wangapi walikuwa wameoga, mashine ya kufulia ilikuwa inafanya kazi au la, na nje kulikuwa na baridi kiasi gani. Yeye ana kumbukumbu nzuri, na hali ya hewa ya siku zilizopita tuliipata kwenye simu. Mara zote nne hita ilikufa kati ya usiku wa manane na alfajiri, baada ya jioni ya maji mengi. Mara zote nne ulikuwa usiku wa baridi ya chini ya nyuzi 20 hasi. Katikati palikuwa na juma zima la joto la karibu sifuri, ambalo Minnesota tunaliita ahueni, na juma hilo hita haikusumbua hata mara moja. Kiwashio kilichopasuka hakijui hali ya hewa ya nje. Kidhibiti kibovu hakisubiri wageni. Kitu kinachofuata baridi ya nje lazima kiwe mahali ambapo baridi ya nje inafika.

Tukiwa bado tumesimama pale, bibi akashuka ngazi na mjukuu begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa maji?"

"Ndiye."

"Mimi mashine zao sizijui. Ila usiku, chini ya kitanda changu, kuna mtu anavuta buruma. Koro koro koro, halafu kimya. Halafu tena koro koro. Nikiisikia hiyo, kesho yake maji baridi. Nimewaambia hawa, wakasema nyumba za mbao zina milio."

Buruma, kwa asiyeijua, ni kile chombo cha kuvutia tumbaku ambacho moshi wake hupitishwa kwenye maji kabla haujamfikia mvutaji. Wazee wa pwani waliokulia kwenye baraza zenye chombo hicho hawausahau mlio wake. Nikamuuliza bibi chumba chake kiko wapi. Kiko juu ya gereji. Nikamuuliza dada bomba la moshi linapita wapi. Linatoboa ukuta wa chumba cha kufulia, linaingia gereji, linapita chini ya dari ya gereji, ambayo ndiyo sakafu ya bibi, na linatokea ukuta wa mbele.

Moyo wangu ulikwishaamua, lakini neno la mkaazi ni fununu, na fununu hupimwa. Mwenzangu aliyetangulia aliamua kabla ya kupima, nami sikutaka kurudia mlango uleule. Nikaanza na yaliyo karibu.

Soketi kwanza: volti 121 kati ya waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme), 121 kati ya waya wa moto na ardhi. Kipimo hiki huchukua dakika moja na wengi hukiruka. Waya wa moto na nyutro zikipishana, au ardhi isipokuwepo, sensa ya moto inaweza kudanganya ingawa moto unawaka vizuri, na fundi atazunguka siku nzima. Pale zilikuwa sawa. Gesi inayoingia: inchi 6.8 za maji, karibu paskali 1,700, kiwango cha kawaida kwa nyumba za huku. Inchi za maji ni kipimo cha shinikizo dogo: ni shinikizo linaloweza kuinua maji ndani ya mrija kwa urefu huo. Kiwashio kipya, hakina ufa. Sensa inang'aa.

Mdomo wa bomba nje nao niliutazama kabla ya yote hayo, maana katika nchi ya theluji huko ndiko pa kuanzia. Theluji ikirundikana ukutani inauziba, na majira ya joto nyigu hujenga humo. Niliukuta wazi, una ukoko mwembamba wa barafu pembeni na mchirizi mdogo uliogandia ukutani chini yake. Mchirizi ule ulikuwa mfupi. Usiku ule walikuwa wametumia maji mengi, na mchirizi ulipaswa kuwa mrefu zaidi. Maji ya moshi yalikuwa yanabaki mahali kabla ya kufika nje.

Labda hapa nisimame kidogo juu ya maji hayo, kwa sababu wengi hawaamini kwamba moto wa gesi unatengeneza maji. Gesi asilia sehemu kubwa ni methani, na kila kilo moja ya methani ikiungua inatoa kilo mbili na robo za maji katika umbo la mvuke. Jiko la BTU 40,000 linakula karibu mita moja ya ujazo ya gesi na kidogo zaidi kwa saa. Ukipiga hesabu, saa moja ya kuwaka inatoa mvuke wa kutosha kujaza chupa ya lita moja na nusu, pengine zaidi. Mvuke huo ukitoka nje ukiwa bado mvuke, hauna neno, ndio ule wingu jeupe unaouona kando ya nyumba asubuhi. Lakini bomba likipita mahali pa baridi, sehemu ya mvuke inashika kuta za bomba na kuwa matone, kama kifuniko cha sufuria. Gereji ya nyumba ile haina kipasha joto. Usiku wa nyuzi 26 hasi, ndani yake kulikuwa nyuzi 11 hasi. Kwa hiyo maji ndani ya bomba si ajabu wala si ugonjwa. Ndiyo sababu bomba hulazwa kwa mteremko, ili matone yajitokee yenyewe. Ugonjwa ni maji kukosa pa kwenda.

Nikaunga manomita, kifaa cha kupimia shinikizo, kwenye kijibomba cha swichi ya presha kwa kiungo cha njia tatu, ili niione presha ileile ambayo swichi inaiona. Juu ya swichi pameandikwa inafunga kwenye inchi 0.70 za maji. Nikarudisha umeme. Feni ikazunguka, kipimo kikapanda hadi 0.81, swichi ikajifunga kwa kishindo kidogo cha tik, kiwashio kikang'aa, moto ukashika. Hita iliyogoma usiku kucha ikawaka mbele yangu kana kwamba haikuwa na neno. Hapo ndipo kila fundi hujaribiwa kukusanya zana na kwenda zake.

Nikamwomba dada afungue maji ya moto bafuni na jikoni, yatoke mpaka tangi lipoe. Kulirudisha tangi la ukubwa huo kutoka nyuzi tano hadi nyuzi 49 kunachukua saa moja na dakika chache, na mimi nilitaka saa hiyo nzima. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye manomita. Dakika 20 za mwanzo kipimo kilikaa 0.80 au 0.79. Kufikia dakika ya 35 kilianza kucheza: 0.78, 0.73, 0.79. Dakika ya 42 kikawa kinapigapiga kama mshipa, kikishuka hadi 0.66 na kurudi. Swichi ikalia tik-tik-tik, gesi ikakatika. Kidhibiti kikaanza upya. Feni, swichi, kiwashio kikaanza kung'aa, halafu swichi ikaachia kabla gesi haijafunguliwa. Mara ya pili gesi ilifunguka na kukatwa papo hapo. Mara ya tatu hivyohivyo. Kidhibiti kikajifunga, na taa ikaanza kupepesa hesabu ileile ya kushindwa kuwaka, iliyompeleka fundi wa kwanza kwenye kiwashio.

Fundo zima la kisa liko hapo. Taa haikusema uongo, lakini ilitaja jambo la mwisho, si la kwanza. Moto haukuwaka ni kweli. Haukuwaka kwa sababu swichi ilikuwa inaachia katikati ya jaribio. Aliyefika adhuhuri alisoma taa tu na hakuona kilichotangulia.

Na feni je? Feni muda wote ilizunguka kwa sauti yake ya kawaida. Watu wengi hushika kichwa hapo: "Mbona feni nzima?" Kuzunguka kwa feni si ushahidi kwamba hewa inakwenda. Mvuto unaopimwa na swichi unategemea hewa inayopita kweli. Mbele kukizibana, hewa inapungua, na mvuto unapungua nayo ingawa pangaboi linakwenda kasi ileile. Ndiyo maana kuna swichi pale na si taa ya kuonyesha kwamba feni ina umeme.

Nilipanda ngazi ya gereji nikaweka sikio kwenye bomba wakati kidhibiti kikijaribu tena. Koro koro koro. Bibi alikuwa ameeleza sawasawa.

Sasa tazama bomba lenyewe. Vitabu vya hita hizi huagiza vishikizo vya karibu, mara nyingi kila futi nne, sawa na mita 1.2, na mteremko, mara nyingi wa robo inchi kwa kila futi, ambako bomba linalazwa kuelekea nje. Pale gerejini kishikizo kimoja kilikuwa ukutani, kingine karibu mita tatu mbele. Viwili vya katikati vilikuwa vimeng'oka, matundu ya skrubu yanaonekana kwenye mbao. Na katikati ya pengo hilo zilining'inia baiskeli mbili za watoto, zimefungwa kwa kamba kwenye bomba, zimepumzishwa kusubiri majira ya joto. Zilitundikwa Novemba. Plastiki inayopitisha moshi wa uvuguvugu kila siku huku ikibebeshwa uzito inalegea taratibu, na ikilegea hairudi. Nikavuta uzi kutoka kishikizo hadi kishikizo na kupima: bomba lilikuwa limeshuka milimita 48 katikati. Bomba la inchi 2 la aina ile lina upenyo wa ndani wa milimita 52 hivi. Tumbo likijaa linabaki tundu jembamba la hewa, la milimita chache tu, na feni inapoyasukuma maji yanajikusanya upande wa mbele na kuziba hata tundu hilo, kisha yanarudi, kisha yanaziba. Hiyo ndiyo buruma.

Siku za ahueni mambo yalibadilika kwa njia mbili. Gereji ilikuwa na uvuguvugu, matone yalikuwa machache. Na hewa kavu ya chumba cha kufulia, inayopitishwa na feni kila hita ikiwaka, ilikuwa inayakausha maji ya tumboni kidogo kidogo. Usiku wa wageni na baridi kali yalizidi. Asubuhi, baada ya saa kadhaa za hita kukaa kimya, maji yalikuwa yametulia chini, tundu la juu limerudi, na hita inakubali kuwaka kwa yeyote atakayeibonyeza, awe ameshika kiwashio kipya au mikono mitupu.

Kabla sijaeleza matengenezo nizungumzie waya mmoja. Shemeji wa nyumba ile, kijana mwenye bidii, alikuwa ameona video mtandaoni inayoonyesha jinsi ya kuunganisha ncha mbili za swichi ya presha kwa kipande cha waya ili kidhibiti kidhani presha ipo. Alikuwa nao mfukoni, ameumenya ncha. Aliniuliza kwa adabu kama isingekuwa suluhisho la muda, kwa ajili ya mtoto tu. Nilimwomba anipe ule waya. Angeunga, hita ingewaka usiku ule, na moshi usiopata njia ya bombani ungerudi kupitia mahali feni inapochotea hewa ya chumbani. Jiko linalovuta moshi wake mwenyewe huungua vibaya na kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu na usingizi, analala, haamki. Chumba cha kufulia kilipakana na chumba cha watoto. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi kiwe ndani ya futi 10, karibu mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Nilivijaribu vya kwao, kimoja kati ya vitatu betri ilikuwa imekufa. Wiki tatu walizokuwa wakiilaumu hita, swichi ile ilikuwa inaikatalia kuwaka kila usiku ambao kuwaka kungewadhuru. Maji baridi yalikuwa matokeo ya kifaa kilichotimiza wajibu wake.

Matengenezo yalichukua saa tatu na nusu. Nilifunga gesi, nikachomoa umeme, nikashusha baiskeli. Nilitoboa tundu dogo chini kabisa ya tumbo nikiwa na ndoo: yakatoka maji safi machachu, lita mbili kasoro kidogo. Nikakata kipande kilicholegea na kuweka kipya cha daraja lilelile la plastiki, kwa dawa ya kusafishia na gundi yake maalumu. Watu huunga mabomba haya kwa gundi yoyote au kuyasukumiza tu. Kiungo cha moshi hakiruhusu hilo. Vishikizo vipya nilivifunga kila futi nne kwenye mbao nzima, si kwenye ubao wa dari, na mteremko nikaupima kwa pima maji. Kona moja iliyokuwa haina kazi niliiondoa. Vitabu vingi huhesabu kona ya digrii 90 kama futi tano za bomba lililonyooka, kwa hiyo kuondoa kona moja ni kumpunguzia feni mzigo. Kitabu cha hita ile kiliruhusu bomba kuvikwa sufi mahali pa baridi, nikalivika urefu wote wa gereji. Kijibomba cha mpira cha swichi kilikuwa na matone mawili ndani yake. Nikakibadilisha, nacho huuzwa kwa bei ya soda.

Kilichobaki ni vumbi. Mashine ya kukaushia nguo iko hatua mbili kutoka kwenye hita, na wavu wa chini ambao jiko linapumulia ulikuwa umevaa blanketi la nyuzi za nguo. Hilo halikuwa chanzo cha kugoma, na ningedanganya nikisema lilikuwa, lakini lingekuja kuwa. Nikalisafisha kwa brashi na kifyonza vumbi, nikamwonyesha dada namna ya kulifanya mwenyewe kila baada ya miezi michache, hita ikiwa imezimwa.

Gundi ilipokauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, nikarudisha gesi, nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyake, hakuna povu. Kisha jaribio lilelile: maji yote ya moto yamwagwe, tangi lianze upya. Feni ikaanza, manomita ikapanda hadi 0.97 na kukaa. Dakika ya 42, 0.97. Dakika ya 60, 0.96. Kipimo changu cha kaboni monoksidi, nilichokishikilia karibu na mahali feni inapochota hewa, kilisoma sifuri mwanzo hadi mwisho. Nje, mdomo wa bomba ulianza kudondosha tone moja moja, na kila tone liligandia pale lilipoangukia.

Dada aliniuliza kuhusu fedha alizokwisha kulipa. Nilimwandikia karatasi moja: vipimo vya kabla, vipimo vya baada, picha ya uzi na bomba lililolegea, picha ya ndoo. Nikamwambia ampelekee fundi wa kwanza bila maneno makali. Kile kidhibiti cha zamani kilikuwa bado kwenye sanduku lake gerejini. Nilikipima nikiwa nasubiri gundi, na sikuona kasoro. Yule fundi alinipigia Jumatatu yeye mwenyewe, akauliza maswali ya maana, hasa juu ya manomita kuungwa kwa kiungo cha njia tatu, na akarudisha sehemu ya malipo ya kidhibiti.

Nilirudi siku kumi baadaye, asubuhi ya nyuzi 28 hasi, baada ya usiku ambao watu saba wote walikuwa wameoga na nguo zimefuliwa. Kipimo 0.96. Baiskeli zimetundikwa kwenye kulabu ukutani. Nikamuuliza bibi kuhusu usingizi wake.

"Buruma imenyamaza," alisema. "Sasa nasikia feni tu, hiyo haina neno."

Kisha akauliza kama ningeweza kutazama mlango wa jokofu, maana nao una mlio, na safari hii dada alikuwa wa kwanza kumsogezea kiti aueleze.